Jinsi ya kutunga na kufanyia mazoezi kipande cha sauti moja na pakashoni

Watu wengi wakisikia "sauti na pakashoni" (pakashoni ni ala za kugongwa, kutikiswa au kusuguliwa) wanapata picha ya mwimbaji yuko mbele anaimba melodi, na nyuma yake kuna mtu anashika mdundo. Ukianza hivyo melodi itakula kila kitu na mpigaji atabaki mtunza tempo tu. Mimi nashauri uanzie kwenye konsonanti. Mdomo wa binadamu una kila kitu ambacho mpigaji anacho mezani kwake, yaani "t" na "k" zinagonga, "p" na "b" zinapasuka, "s" na "sh" zinakwaruza, "r" inatetemeka, "m" na "ng'" zinavuma kama chuma kinachoachwa kilie chenyewe. Kazi yako ya kwanza ni kutafuta pale ambapo msikilizaji hajui tena kama alichosikia kimetoka kooni au kwenye ngozi ya ngoma, na ukishapapata hapo ndo utunzi unaanza.

Mtunzi Vinko Globokar alilichukua wazo hili mpaka mwisho kwenye Toucher ya mwaka 1973. Mpigaji mmoja anasema maneno ya Kifaransa kutoka tamthilia ya Brecht kuhusu Galileo huku mikono yake inapiga ala ambazo amezichagua mwenyewe kwa kuzifananisha na sauti za hayo maneno, kwa hiyo ukisikiliza kwa muda unaanza kusikia ala zenyewe zinaongea. Kisikilize kabla hujaandika nota hata moja.

Sasa kikao cha kwanza. Mwimbaji na mpigaji wakae pamoja kama saa moja bila karatasi, ala zote ziwe karibu, simu iwe inarekodi. Mwimbaji achukue konsonanti moja, mfano "k", airudie taratibu, mara kavu, mara yenye pumzi nyingi, mara nzito nyuma ya koo, na mpigaji atafute kitu kinacholia hivyohivyo. Msikimbilie kupata jibu, manake jibu la kwanza mara nyingi ni la kukisia na la tatu ndo zuri. Kwa kuanzia jaribuni bloku ya mbao na kijiti kigumu kwa ajili ya "k", klavesi (vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa) au ukingo wa snea (ngoma yenye nyaya chini yake) kwa "t", na kiganja juu ya ngoma ndogo ambayo mkono mwingine umeizima kwa "p". "Sh" inakaa vizuri sana na brashi ikizungushwa juu ya snea, ila hakikisha zile nyaya za chini zimeachiwa, la sivyo zitakuwa zinachachatika kila mwimbaji akifungua mdomo. "S" nenda kwenye vipande viwili vya msasa vikisuguliwa. "H" na "f" ni kiganja kikavu kinachopita juu ya ngozi ya besi dramu. Kwa "m" na "ng'" chukua upinde wa besi (ile fidla kubwa kuliko zote), vuta kwenye ukingo wa kipande kimoja cha vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vilivyopangwa kama vitufe vya piano), sauti inaingia bila kugongwa kabisa na ukimwambia mwimbaji aingie na midomo imefungwa kwenye nota ileile utashangaa jinsi vinavyoyeyuka kuwa kitu kimoja.

Alafu kuna mpira. Ule mpira mdogo mgumu unaoruka sana, ukiuchomeka kwenye kijiti na kuuburuza kwenye ngozi ya besi dramu au kwenye tamtamu (ile sahani kubwa ya chuma inayoning'inizwa) unatoa mlio kama mtu anaguna au analia mbali. Ni kitu chepesi na cha bei ndogo, na kwa kazi ya aina hii hakuna kinachoikaribia sauti ya binadamu kwa urahisi kama hicho. Siku ya kwanza mwimbaji na huo mpira wapeane zamu tu, mmoja anashuka mwingine anapanda, bila maneno.

Mkimaliza sikilizeni ile rekodi mkiwa hamwangaliani. Pale mnapobishana nani kafanya nini, wekeni alama. Hizo alama ndo mali yenu, vingine vyote tupeni.

Chagua ala chache

Hapa watunzi wengi wanaojifunza wanazama. Wanaona pakashoni ina ala mamia basi wanataka ishirini, jukwaa linajaa, mpigaji anakimbia huku na huku na mwimbaji anaonekana kama amekuja kuomba njia. Mimi nasema tano, na kama unaweza tatu, nzuri zaidi. John Cage mwaka 1942 alitunga The Wonderful Widow of Eighteen Springs kwa sauti na piano iliyofungwa, yaani mpiga piano hagusi vitufe kabisa, anagonga mbao za piano kwa vidole na ngumi ya mkono, na mwimbaji ana nota tatu tu, anaimba bila kutetemesha sauti. Nota tatu na ubao! Na bado kipande kile kinaimbwa mpaka leo. Frederic Rzewski naye kwenye To the Earth ya 1985 alimpa mpigaji vyungu vinne vya maua na utenzi wa kale wa Kigiriki wa kuisifu ardhi, mtu anagonga vyungu na kuusema mwenyewe. Ukiwa na vitu vichache msikilizaji anavizoea, akishavizoea anaanza kusikia tofauti ndogo ndogo, na huu muziki unaishi kwenye hizo tofauti ndogo.

Katika hizo tano hakikisha una kitu kikavu (mbao, udongo), kitu cha ngozi, kitu cha chuma kinachovuma muda mrefu, na angalau kimoja kinachoweza kusuguliwa au kuvutwa na upinde. Zaidi ya hapo ni hiari yako.

Nani anamfunika nani

Hili naomba ulisome taratibu kwa sababu ndo linaua vipande vingi vizuri. Konsonanti za kukwaruza kama "s", "sh" na "f" zina nguvu zake juu sana, kwa "s" ni kuanzia kama 4000 Hz (mitetemo kwa sekunde) kwenda juu, na matoazi yanaishi palepale. Kwa hiyo mwimbaji akinong'ona wakati toazi linalia, hata likipigwa pole namna gani, minong'ono inapotea, watu wanaona midomo inacheza tu. Lakini mnong'ono huohuo juu ya besi dramu inayonguruma chini kwa vijiti laini unasikika neno kwa neno, manake ngoma iko chini na mnong'ono uko juu, hawagombani. Ukitaka maneno yasikike weka ngoma, ukitaka yazame weka matoazi, na kuzamisha maneno kwa makusudi ni kitu kizuri mno ukikipangia.

Tamtamu ina tabia yake. Ukiipiga, ule mng'ao wa juu hauji papo hapo, unafunguka baadaye kidogo. Hapo katikati kuna upenyo ambapo mwimbaji anaweza kusema neno moja fupi likasikika kabla chuma hakijalimeza. Huo upenyo unatofautiana na ukubwa wa sahani na nguvu ya pigo, kwa hiyo usiukadirie ukiwa nyumbani kwenye kompyuta, nenda ukausikilize kwenye ala yenyewe. Na kumbuka tamtamu kubwa inaweza kuvuma zaidi ya nusu dakika, kwa hiyo kila unapoipiga umeshaamua nusu dakika ijayo itakuwaje, labda umwambie mpigaji aizime kwa mkono.

Kuhusu nguvu, mpigaji akipiga "kawaida" kwa mnong'ono hiyo tayari ni radi. Dawa ni kuondoa vijiti. Morton Feldman kwenye The King of Denmark, 1964, alimkataza mpigaji kutumia vijiti vya aina yoyote, ni vidole na mikono tu, na kipande kizima kiko chini kabisa. Fanya hivyo kwenye robo tatu ya mazoezi yenu ya mwanzo, vidole tu, kucha, kiganja, alafu vijiti virudi kimoja kimoja pale ambapo vina sababu.

Maneno

Chukua maandishi mafupi. Mistari sita inatosha kwa dakika nane, kweli kabisa, kwa sababu utayavunja. Sema mstari kwa sauti, alafu useme irabu zake tu, alafu konsonanti zake tu, alafu uvute silabi moja mpaka pumzi iishe. Tayari una namna nne za mstari uleule na hujaongeza hata neno. Gawa hizo namna kati ya watu wawili, kwa mfano mwimbaji abaki na irabu na mpigaji apige konsonanti zote zilizotolewa, msikilizaji atakuwa anakusanya neno mwenyewe kichwani.

Uamuzi mmoja ufanye mapema, je watu watalisikia andiko zima na kulielewa au hapana? Majibu yote mawili ni halali. Mimi napenda lisikike wazi mara moja, kama theluthi mbili ya njia, likisemwa kawaida bila ala yoyote, kwa sababu vipande vyote vilivyopita vinaunganika ghafla na vinavyofuata vinasikika kwa sikio jingine. Usiliweke mwanzoni, ukilianika mwanzoni watu watakuwa wanatafsiri badala ya kusikiliza.

Kama andiko lina watu zaidi ya mmoja, sauti moja inaweza kuwabeba wote. Mtunzi Xenakis kwenye Kassandra ya 1987, baritoni mmoja (mwanamume wa sauti ya kati) na mpigaji mmoja, mwimbaji anaimba chini kifuani akiwa kundi la wazee, alafu anaruka juu kwa sauti ya kichwani akiwa nabii Kassandra, na ngoma zinampeleka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Huhitaji mavazi wala maelezo, tofauti ya kimo cha sauti inatosha.

Konsonanti kabla ya pigo au juu ya pigo

Waimbaji wamefundishwa kwamba konsonanti inatangulia kidogo na irabu ndo inaangukia kwenye pigo. Kwa kwaya ni sawa kabisa. Kwenye kazi hii hiyo tabia inaleta mvurugano, kwa sababu kama silabi ni "ta" na mpigaji anagonga klavesi, inabidi mjue klavesi inakutana na "t" au inakutana na "a". Ikikutana na "t" vitu viwili vinakuwa kimoja, msikilizaji anasikia mdomo wa mbao. Ikikutana na "a" anasikia watu wawili. Vyote unavihitaji ila kila pahali uandike unataka kipi, na mwimbaji afanye mazoezi ya kusogeza konsonanti kwa makusudi mpaka aweze kuifikisha kwenye ncha ya kijiti bila kufikiria. Hapa mtatumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na msipunguze. Chukueni silabi moja, piga mara nyingi kwa kasi ndogo, alafu badilisheni, alafu mwimbaji afumbe macho asikilize tu, alafu mpigaji naye.

Kuandika nota

Usilazimishe kila kitu kwenye mistari mitano. Sauti inaweza kuwa na mistari mitatu tu, juu, kati, chini, kwa sehemu za kusema, na mitano kwa sehemu za kuimba. Kwa kusema kwa kimo tumia alama ya msalaba kwenye shina la nota kama Schoenberg alivyofanya kwenye Pierrot lunaire mwaka 1912, kila mwimbaji wa muziki huu anaijua. Sauti za mdomo ziandike kwa alama za kifonetiki za kimataifa ili "sh" yako isije ikageuka kitu kingine kwa mtu wa lugha nyingine. Pumzi ya kuingia na ya kutoka weka mishale. Mpigaji mpe mstari mmoja kwa kila ala, na mpangilio wa mistari ufanane na jinsi ala zilivyokaa mbele yake, ya chini chini, ya juu juu.

Muda, kama hakuna mdundo wa kudumu, andika kwa sekunde. Berio kwenye Sequenza III, aliyomtungia mwimbaji Cathy Berberian mwaka 1965, aligawa ukurasa kwa vipande vya sekunde kumi kumi, na ndani yake kuna kucheka, kunung'unika, kubofya ulimi, vyote vimewekewa nafasi yake, na bado mwimbaji ana uhuru. Ni njia nzuri ya kuiga. Ukurasa wa mbele weka maelezo ya alama zote na mchoro wa mahali ala zinapokaa. Na wote wawili wasome ukurasa mmoja wenye sehemu zote mbili, usimpe mwimbaji sehemu yake peke yake eti kuokoa karatasi, hawezi kukutana na pigo ambalo halioni.

Nota ya kuanzia anaitoa wapi?

Swali hili kila mwimbaji ataliuliza, na ana haki, kwa sababu mbao na ngozi hazimpi kitu. Njia ya kawaida ni ile uma ndogo ya chuma ya 440 Hz, anaigonga gotini na kuigusisha kwenye mfupa karibu na sikio, hakuna anayesikia isipokuwa yeye. Lakini ukiwa mtunzi mwema utaificha nota ndani ya muziki wenyewe, kengele moja ndogo ya chuma au kipande kimoja cha vibrafoni kikilia sekunde kumi kabla ya yeye kuingia, ikabaki masikioni mwake. Kama sehemu haihitaji kimo kamili, mwambie aanze popote panapomstarehesha na achunge umbali kati ya nota, Cage alishawapa waimbaji wake ruhusa ya kushusha kwenda kimo kinachowafaa na hakuna kilichoharibika.

Mazoezi na koo

Koo lina mpaka. Kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo kuliko kuimba, watu hawaamini mpaka sauti ikwame, na kupiga kelele, kuvuta sauti kwa pumzi ya kuingia, au ile sauti ya chini inayokwaruza, vyote vifanywe kwa vipindi vifupi na mapumziko katikati. Mkiwa mnarekebisha sehemu ya ngoma mwimbaji aonyeshe tu kwa midomo, asitoe sauti. Ikiuma, simama hapohapo, na kama hamuwezi kupata namna isiyouma basi badilisheni nota, hakuna sauti moja kwenye karatasi yenye thamani kuliko koo la mtu.

Msimamo: kaeni mkionana pande za uso na mabega, umbali wa mita mbili hivi. Hakuna kondakta hapa, pumzi ya mwimbaji ndo inaongoza, na mpigaji aone ikipanda. Jaribuni pia kuingia pamoja kwa pumzi ya mpigaji, anavuta pumzi kabla ya pigo, mwimbaji anafuata. Alafu badilishaneni kazi kwa dakika chache, mwimbaji apige, mpigaji aimbe. Mpigaji akishasema lile andiko kwa mdomo wake mapigo yake yanabadilika kabisa, yanapata lafudhi. Kwenye Circles ya Berio, 1960, ya sauti, kinubi na wapigaji wawili, mwimbaji anasogea jukwaani kuelekea kwenye ala na kuna vidogo anavipiga mwenyewe, na mashairi matatu ya E. E. Cummings yanakwenda moja, mbili, tatu, alafu yanarudi mbili, moja. Umbo la kwenda na kurudi namna hiyo linafaa sana kwa kipande cha kwanza, kwa sababu mnaporudi mnaweza kugeuza nani anabeba nini.

Ukitaka mtu mmoja afanye vyote, inawezekana, Aperghis ana Le corps à corps ya 1978 kwa mpigaji mmoja na zarb, ngoma ya mkono ya Iran, anapiga na kuongea na kuhema kwa wakati mmoja. Ila kujifunza kwake kunataka utaratibu: maneno kwanza, yakariri ukiwa unatembea, kasi ya hatua iwe tofauti na kasi ya maneno. Mikono peke yake baadaye. Vikutanishe mwishoni, polepole sana, silabi kwa silabi, na pumzi ipangiwe mahali pake kwenye karatasi kama vile ni nota, manake mikono ikiwa na kazi mtu anasahau kuvuta hewa.

Ukumbini

Kama ukumbi ni mdogo usitumie maiki. Kama ni mkubwa, au kipande kina minong'ono mingi, weka maiki moja karibu na mdomo na ikiwezekana uipandishe sauti kidogo tu, watu wasisikie spika bali wasikie mdomo. Maiki ya mwimbaji itaokota matoazi vilevile, kwa hiyo maiki ndo ilipe toazi mgongo, mbele yake ibaki kwa mwimbaji. Kama kuna piano ukumbini, jaribu kitu ambacho mtunzi George Crumb alikifanya kwenye Ancient Voices of Children mwaka 1970, mwimbaji anaimba ndani ya piano huku kanyagio limeshikiliwa chini, nyuzi zinamrudishia sauti yake. Timpani (ngoma kubwa ya umbo la bakuli, yenye kanyagio la kukaza na kulegeza ngozi) nayo inaitikia ukiinama na kuimba karibu na ngozi, hasa nota ukiipata ileile ambayo ngozi imekazwa, na mpigaji akisogeza kanyagio wakati huo mwitikio unateleza.

Mara ya kwanza mnapoingia ukumbini msianze na kipande. Mpigaji apige kila ala mara moja na kuiacha ife, mwimbaji atembee mpaka safu ya mwisho asikilize inadumu kiasi gani. Alafu mpigaji aende nyuma, mwimbaji aseme mstari kwa kunong'ona, kwa kusema, kwa kuimba. Penye mwangwi mrefu punguzeni kasi na ongezeni nafasi kati ya konsonanti, penye ukavu fupisheni kimya. Andikeni hayo kwa penseli juu ya nota, na ukumbi ukibadilika mfute muandike upya.